Sikio la Mtangazaji

Siku chache baada ya mzee wa heshima kuzikwa, Wabukusu wa magharibi mwa Kenya huketi kumsikiliza mtu mmoja. Sanaa yake huitwa kumuse. Msemaji hutoka katika koo maalumu na hazungumzi akiwa amesimama mahali pamoja. Hutembea katikati ya watu, akienda na kurudi, akisimulia asili ya koo, akifariji, akionya, akikaripia. Manguliechi wa Bungoma alisifika sana kwa kazi hiyo, na wataalamu wa fasihi simulizi wameandika juu ya hotuba zake. Kinachonivutia mimi zaidi ni ule mwendo. Anayetembea hivyo huziona nyuso zote. Hujua papo hapo neno lipi limeingia na lipi limepita juu ya vichwa, na hatua inayofuata huirekebisha kwa alichokiona.

Mtayarishaji wa podikasti hana uwanja huo. Yumo chumbani Kitale, blanketi limetundikwa dirishani, anarekodi asubuhi kabla mvua ya alasiri haijaanza kupiga mabati. Wasikilizaji wake yeye hawaoni. Mmoja yumo kwenye matatu ya kwenda Webuye, mwingine anasubiri zamu yake kwenye posho mill, mwingine analinda duka usiku akiwa na kisikizi kwenye sikio moja tu. Nyuso zao zitamfikia baadaye, kwa ujumbe, na mara nyingi kwa lawama. Watu hudhani kuzipokea lawama hizo kunataka moyo mgumu. Mimi naona kunataka sikio, na sikio hilo hufundishwa kama mkono wa seremala unavyofundishwa.

Chukua mahindi, maana huku mazungumzo mengi huishia huko. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na ndiko yaliko makao makuu ya Kenya Seed, kampuni iliyoanzishwa mwaka 1956. Mkulima wa hapo kwa kawaida hupanda mahindi mara moja kwa mwaka, mvua zinapoanza Machi au Aprili, akichagua mbegu za mia sita kama H614, ambazo hukawia shambani na kumlipa kwa magunia. Mji wa Bungoma uko chini zaidi, takriban mita 1,400. Joto ni jingi, mahindi hukomaa mapema, mbegu za mia tano zinafaa, na wengi hupanda tena mvua za pili zikija. Sasa tuseme mtayarishaji wa Kitale ametoa kipindi kizuri kuhusu upanzi. Kesho yake anapata sauti kutoka Bungoma: "Wewe unaongea ni kama sote tunaishi huko juu. Sisi Agosti tunarudi shambani. Mbona hukututaja?"

Asiye na sikio atasikia ukali tu, na atajibu kwa ukali. Fundi atasikia mwinuko, majira na mbegu, yaani kipindi kingine kizima ambacho hakukijua. Atampigia mtu huyo simu: shamba liko upande gani, ulipanda nini, mvua ilinyesha lini? Wala hataishia kwake. Akiendelea kuuliza, atatokea wa Kapsokwony, kwenye miteremko ya Mlima Elgon, amkumbushe kwamba huko nako ni Kaunti ya Bungoma na baridi yake inashindana na ya Kitale. Hapo mkosoaji wa kwanza naye amekosolewa, na ramani ya wasikilizaji imeanza kuchoreka. Hakuna ofisi ambayo ingempa mtayarishaji ramani hiyo. Ameipata kwa watu waliokasirika kidogo na ambao bado walikuwa wakisikiliza.

Ndiyo maana sipendi shauri linalotolewa kwa vijana wanaoanza, kwamba wasisome maoni. Ni sawa na kumwambia msemaji wa kumuse afumbe macho.

Kuna lawama nyingine hupuuzwa kwa sababu inaonekana ndogo: "Kipindi chako kinakula bando." Saa moja ya sauti iliyohifadhiwa kwa kilobiti 128 kwa sekunde ni karibu megabaiti 58. Ukiishusha hadi kilobiti 64, kwa chaneli moja, inakuwa kama megabaiti 29, na mazungumzo ya watu wawili yatasikika vizuri tu. Anayelalamika hajui istilahi hizo, wala hana haja nazo. Anajua salio lake. Amelipia kusikiliza, na mtu aliyelipa kwa pesa ya kuhesabu anastahili jibu la kiufundi, lililotekelezwa kabla ya kipindi kijacho. Vivyo hivyo anayesema mgeni hakusikika: huenda anasikiliza kando ya mashine ya kusaga, lakini hapo ndipo anaposikilizia, na sauti ya mgeni lazima ifike hapo.

Kuhusu lafudhi nina msimamo. Katika Trans Nzoia, kaunti ya Kitale, Kiswahili kinasemwa na Mbukusu, Msabaoti, Mpokoti, Mturkana, Mkikuyu, na kila mmoja hukipa ladha ya kwao. Msikilizaji wa mbali akidai mtangazaji aongee kama mtu wa pwani, ashukuriwe na yaishie hapo. Akisema ngeli zimevurugika, hapo ana haki, na kitabu cha sarufi kifunguliwe. Uzuri wa kazi hii uko katika kulijua hilo upesi: lipi ni la kurekebisha na lipi ni la kulinda.

Matusi ya kikabila hayamo katika hesabu hii. Trans Nzoia na Mlima Elgon vimeumia vya kutosha, na Sheria ya Uwiano na Utangamano wa Kitaifa ya mwaka 2008 iliandikwa kwa sababu ya majeraha kama hayo. Ujumbe wa namna hiyo hausomwi hewani, haujibiwi, unafutwa.

Yanayobaki yajibiwe hadharani. Enzi za kadi za salamu msikilizaji alilipia kadi, akaituma, akangoja redioni asikie kama jina lake litasomwa. Kungoja kule kulikuwa nusu ya mapenzi yake kwa kipindi. Leo jibu linaweza kumfikia usiku huohuo, ila kumtaja hewani bado kuna uzito uleule. Msimu wa pili wa upanzi ukifika, mtayarishaji wa Kitale asiusimulie kutoka chumbani kwake. Apande matatu, ateremke Bungoma, aende hadi kwenye lile shamba la yule aliyemlaumu, amkabidhi maikrofoni na kumwomba aanze na swali lake: mbona hukututaja?