Faustus, msomaji wa nusu ya mstari

Wengi wetu tuliosoma kwa Kifaransa tulimjua kwanza Faust wa Goethe, ama ule wa opera ya Gounod iliyochezwa Paris mwaka 1859. Faust wa Goethe anaokoka mwishoni: malaika wanaichukua roho yake mkononi mwa shetani. Lakini zaidi ya miaka 200 mbele ya hapo, Mwingereza Christopher Marlowe alikuwa amekwisha kuandika mchezo wa teatri juu ya mtu huyohuyo, na ndani ya mchezo ule hakuna anayekuja kumtoa. Unaitwa Doctor Faustus. Kila mara tukiuzungumza nasikia neno lilelile: "Ule mutu alikufa juu ya kutaka kujua sana." Mimi nakataa.

Hadisi ilitoka Ujerumani. Mwaka 1587 mpiga chapa Johann Spies wa Frankfurt alitoa kitabu juu ya Faust, mtu wa uchawi ambaye jina lake lilivuma mwanzoni mwa karne ya 16. Kikageuzwa katika Kiingereza, na Marlowe akachota humo. Yeye Marlowe alizaliwa Canterbury mwaka 1564, mwaka mmoja na Shakespeare, mtoto wa fundi wa viatu. Akasoma Cambridge kwa bursi, akauawa kwa kisu kule Deptford tarehe 30 Mei 1593, miaka 29 tu. Faustus wake naye ni mtoto wa wazazi wasio na cheo, aliyepandishwa na masomo mpaka akawa doktere wa teolojia Wittenberg. Mtoto wa watu wadogo aliyepanda kwa kitabu: hatuna haja ya kuelezwa sana huyo ni mtu wa namna gani.

Tunamkuta peke yake na vitabu vyake. Anavipima kimoja kimoja na kuviweka kando. Filozofia, amekwisha kufika mwisho wake. Uganga hauwezi kufufua wafu. Sheria ni kazi ya wenye kutafuta feza. Anafika kwa Biblia, anafungua Waroma 6:23, anakuta kwamba zambi inalipwa kifo, na anasimama hapo. Anageukia barua ya kwanza ya Yoane 1:8, pale panaposema juu ya mtu anayejidai hana zambi kwamba anajidanganya, na hapo tena anasimama. Kisha anafanya hesabu yake: wote tuna zambi, zambi inaleta kifo, basi wote tutakufa milele, na kama ni hivi teolojia ni ya nini? Kwaheri. Hesabu yenyewe ni safi. Lakini, ndugu msomaji, chukua Biblia yako uangalie. Mstari wa Waroma haujaisha pale. Nusu ya kwanza ni juu ya mshahara, nusu ya pili ni juu ya zawadi. Na katika Yoane, mstari wa 9 unaofuata ni juu ya msamaha. Doktere wa teolojia hajui hayo? Watu wa London waliokuja kutazama mchezo, na waliokuwa wakisikia masomo kanisani, walijua. Kumbe yule anayetaka kujua yote hakumaliza mstari mmoja. Na shetani bado hajatokea.

Tuje kwa mapatano. Wengi wanafikiri Mephistopheles anamdanganya. Hapana. Katika mazungumzo yao ya kwanza shetani ndiye anayesema kweli. Akiulizwa, anakubali kwamba Lucifer alianguka kwa kiburi, na kwamba yeye mwenyewe anatembea na jehanamu popote aendapo. Anamsihi Faustus aache maswali hayo kwa sababu yanamtesa. Faustus anamwambia ajifunze kuwa mwanaume! Baadaye, kontra ikiisha kutiwa sahihi, anamwambia shetani aliyesimama mbele ya macho yake kwamba jehanamu ni hadisi za mabibi wazee. Unacheka, kisha kicheko kinakatika.

Kontra anaiandika yeye mwenyewe, kwa damu ya mkono wake. Damu inaganda, na shetani anakwenda kuleta makaa ya moto ya kuiyeyusha. Juu ya mkono yanatokea maneno ya Kilatini ya kumwambia akimbie. Anaendelea. Bei: mwili na roho, baada ya miaka 24.

Anapata nini? Mbele ya kutia sahihi alisema atazungusha Ujerumani nzima ukuta wa shaba, na kuwavika wanafunzi hariri. Hakuna hata kimoja alichofanya. Anampiga Papa wa Roma kofi bila kuonekana. Anamwotesha mtu mkubwa pembe kichwani mbele ya Kaisari. Anamwuzia mchuuzi farasi anayegeuka majani akiingia majini. Katikati ya Januari anamletea zabibu mke wa mtawala wa Vanholt, mama mwenye mimba. Wahakiki wengine wanasema vipande hivi ni vya watu wengine. Ni kweli kwamba mwaka 1602 Philip Henslowe, mwenye teatri, alilipa William Birde na Samuel Rowley pauni 4 waongeze mambo, na chapa ya 1616 ni ndefu kuliko ile ya 1604. Lakini zabibu zimo tayari katika ile ya 1604. Mimi sioni ajabu. Mchezo unatuonyesha bidhaa aliyouziwa.

Na ile elimu? Anaomba vitabu vitatu, cha uchawi, cha nyota na cha mimea. Shetani anamwonyesha kwamba vyote vimo katika kimoja. Anauliza juu ya sayari, na majibu anayopata, yeye mwenyewe analalamika, hata mtumishi wake Wagner anayajua. Anauliza nani aliumba ulimwengu: hapo shetani anakataa kabisa kujibu. Tangu siku ya kontra hajajifunza kitu.

Basi kiburi chake kiko wapi? Wengine wanakiona mwanzoni tu. Mimi nakiona zaidi mwishoni. Wanafunzi wake wanapomwambia atazame mbinguni, anajibu kwamba nyoka aliyemjaribu Eva anaweza kuokoka, lakini siyo Faustus. Watu wanaita neno hilo kukata tamaa. Ni kiburi kilekile kimegeuza nguo: mwanzoni yeye ni mkubwa kupita vitabu vyote, mwishoni zambi yake ni kubwa kupita msamaha wa Mungu.

Nakubali kuna jambo linalonisumbua. Katika chapa ya 1604 malaika mwema anasema saa haijapita kama Faustus anaweza kutubu. Katika ile ya 1616, kama anataka. Neno moja tu, lakini wateolojia wa wakati ule waligombana sana juu yake. Ukichukua kutaka, maneno yangu yanasimama vizuri. Ukichukua kuweza, unakumbuka pale anapowaambia wanafunzi kwamba angependa kuinua mikono, lakini kuna wanaoishika. Labda miaka 24 ya kukataa inaua hata ule uwezo wa kukubali. Sijamaliza kulifikiri.

Saa yake ya mwisho ndiyo iliyo bora kupita yote. Saa inagonga 11 ya usiku kwa hesabu ya Wazungu, kisha nusu, kisha 12, na ndani ya maneno machache tumepita saa nzima pamoja naye. Anaomba usiku usimame. Anaomba milima imwangukie. Halafu anaanza kubishana bei: akae jehanamu miaka elfu moja, sawa, hata laki moja, mradi mwishoni aokoke. Na milango ikifunguka, mashetani wakiingia, anapaza sauti kwamba atachoma vitabu vyake. Hata hapo anatafuta cha kulipa.