Katama Mkangi na Safari ya Walenisi: Je, Dzombo Ndiye Mwandishi?

Mwalimu mwenzangu, nawe mtahiniwa,

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa nikisahihisha insha za Kidato cha Tatu katika shule moja ya Ruiru. Swali lilikuwa fupi: Walenisi ni wapi? Karibu darasa zima lilitoa jibu moja, kwamba Dzombo ni Katama Mkangi mwenyewe na Walenisi ni nchi aliyoiota akiwa kizuizini. Msichana mmoja aliandika tofauti. Alisema Walenisi si mahali. Ni siku ambapo watu walio ndani ya ukuta mpya karibu na kwao, pale palipokuwa na mikahawa, watamwona mama yake anayewafulia nguo kuwa mwenzao. Nilimpa alama mbili kati ya kumi. Makala haya ni masahihisho yangu.

Tuanze na maisha ya mwandishi, kwa kuwa ndiko wengi wanakojikwaa. Mkangi alikuwa mwanasosholojia kutoka Pwani ya Kenya. Mwaka 1986 alikamatwa na kuwekwa kizuizini bila kufunguliwa mashtaka, wakati serikali ilipokuwa ikiwasaka waliodhaniwa kuwa wafuasi wa Mwakenya. Baadaye alifundisha katika Chuo Kikuu cha USIU, kando ya barabara hii hii ya Thika. Mwaka 1997 aligombea urais kwa tiketi ya chama cha KNC, na mwaka 2004 akafariki katika ajali ya barabarani. Alituachia riwaya tatu: Ukiwa (1975), Mafuta (1984) na Walenisi (1995).

Katika Walenisi, Dzombo anahukumiwa kifo na watawala wa nchi yake. Anatiwa ndani ya chombo cha angani na kurushwa. Waliomtangulia hawakujua kukiendesha chombo hicho. Yeye anakimudu, na badala ya kufa anatua katika nchi ambamo hakuna bwana wala mtwana. Mwisho wa safari sikusimulii, usome mwenyewe.

Ni rahisi basi kusema: mwandishi alifungwa, mhusika akahukumiwa, kwa hiyo mhusika ni mwandishi. Lakini zitazame tarehe. Ukiwa ni riwaya ya mapenzi ya vijana, iliyoandikwa kwa mtindo wa kihalisia. Mafuta tayari ni riwaya ya mafumbo, nayo ilitoka miaka miwili kabla ya kizuizi. Mkangi hakuifuata njozi kwa sababu ya gereza. Alikuwa ameichagua mapema, akiwa huru, kama chombo cha kuichambua jamii. Kizuizi huenda kiliongeza uchungu, ila hakikuanzisha mtindo.

Isitoshe, njia hiyo ilikuwa imekwisha kupitwa. Shaaban Robert alitupeleka angani katika Kusadikika (1951), ambamo Karama anashtakiwa kwa kutaka watu wafundishwe sheria. Baada ya Mkangi, Said Ahmed Mohamed alimrudisha mzimu katika Babu Alipofufuka (2001), naye Kyallo Wadi Wamitila akamzungusha msimulizi wake ulimwenguni katika Bina-Adamu! (2002). Vijana wetu wanaosoma Harry Potter ndani ya matatu kati ya Thika na Ruiru hudhani kwamba njozi ni mali ya wageni. Waonyesheni vitabu hivi.

Sasa litazame jina lenyewe. Litenganishe: wale ni sisi. Hii ni sentensi kamili, nayo inamdai msomaji. Ukisema Dzombo ni Mkangi tu, umebaki na "wale": mwandishi, watawala wa zamani, mambo yaliyopita. "Sisi" ametoweka. Msichana wa Ruiru ndiye aliyemtafuta "sisi". Alitazama mji wake, mashamba ya kahawa yakigeuka mitaa yenye malango na walinzi, akauliza nani yuko ndani na nani yuko nje. Huo ndio uhakiki. Mimi nilikuwa nimeshika mwongozo wa kusahihishia, yeye alikuwa ameshika riwaya.

Hii haina maana kwamba kazi haina dosari. Dzombo anapofika Walenisi, wenyeji wanamweleza mengi mno. Mazungumzo yanageuka mihadhara na hadithi inapoa. Msukosuko wa safari una mvuto kuliko utulivu wa nchi njema. Mtahiniwa asiogope kusema hivyo, mradi ataje tukio analolitegemea.

Nawe mtahiniwa, usinielewe vibaya. Si kila jibu la ajabu ni sahihi. Msichana yule alikosa jambo moja: hakutaja hata tukio moja la riwaya. Angeonyesha jinsi Dzombo, mgeni na mfungwa, anavyopokewa, hoja yake ingesimama imara. Maisha ya mwandishi yatumie kama taa ya kumulikia njia. Usiyafanye kuwa ndiyo safari.

Lau ningeisahihisha insha ile leo, ningempa saba. Tatu zilizobaki ningemwambia azifuate ndani ya kitabu.

Maswali ya mjadala

1. "Walenisi ni sentensi wala si nchi." Jadili.
2. Linganisha hukumu ya Dzombo na mashtaka ya Karama katika Kusadikika.
3. Je, mihadhara katika Walenisi inaijenga au inaibomoa riwaya? Toa mifano.