Wastani wa Nini? Uhakiki wa Istilahi za Tahadhari ya Kimbunga

Katika makala haya tunakusudia kuzichunguza istilahi chache zitumikazo nchini kuwatahadharisha wananchi juu ya kimbunga na mvua kubwa. Hatukuzichagua kwa kuwa ni ngumu. Tumezichagua kwa kuwa zaonekana rahisi, na neno lionekanalo rahisi ndilo aghalabu lipitalo bila kuulizwa.

Yupo atakayesema kwamba vimbunga si mambo ya pwani yetu. Kwa sehemu asema kweli. Kimbunga huhitaji mzunguko wa dunia ukipinde kipate kuzunguka, na nguvu hiyo ni dhaifu mno karibu na ikweta. Ndiyo maana vingi vya kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi huelekea Madagaska na Msumbiji. Lakini nadra si kamwe. Aprili 1872 kimbunga kiliipiga Unguja, kikaangusha mikarafuu na kuangamiza merikebu za Sultani Barghash. Aprili 1952 kingine kiliingia Lindi. Mwaka 2019 Kenneth kilitua kaskazini mwa Msumbiji, jirani na Mtwara. Mwaka 2021 Jobo kilidhoofika kabla ya kuifikia pwani yetu. Na Mei 2024 Hidaya kilifika Mafia, na mvua zake zikaikata barabara ya kusini huko Somanga, Kilwa. Istilahi zetu, basi, zina kazi ya kufanya.

Tuanze na neno kimbunga lenyewe. Lugha za kigeni huwa na majina mbalimbali kwa jambo hili moja, kutegemea bahari litokeamo. Kiswahili kina jina moja, na hatuoni upungufu wowote. Tufani na dhoruba zibaki kwa machafuko ya bahari na upepo kwa jumla, na chamchela libaki kwa upepo wa vumbi unaozunguka uwanjani. Kwa wataalamu wa ukanda wetu, kimbunga kamili ni mfumo ambao upepo wake umefikia takriban kilomita 118 kwa saa. Hapa ndipo penye mtego. Mfumo ukishuka chini ya kasi hiyo hutangazwa kuwa "kimbunga kimepungua nguvu", na msikilizaji huelewa kwamba hatari imepungua. Kilichopungua ni upepo. Mvua yaweza kuendelea, hata ikazidi mahali mahali.

Tofauti hii ni kubwa kwa mkazi wa Ubungo, mahali ambapo Mamlaka ya Hali ya Hewa ilikuwa na makao makuu yake kwa miaka mingi, katika jengo la Ubungo Plaza. Ubungo haiko ufukweni, na asikiaye kimbunga huko hudhani ni habari za wavuvi na abiria wa boti za Zanzibar. Lakini vijito vya upande huo hushuka kuingia Mto Msimbazi, na mabonde yake yamejaa nyumba. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 jijini, na wengi waliopoteza makazi wakahamishiwa Mabwepande. Hakikuwapo kimbunga chochote siku hizo. Mvua peke yake ilitosha.

Sasa tulifikie neno lililotupa kichwa cha makala haya. Mwanzoni mwa masika au vuli hutolewa mwelekeo wa msimu, nasi husikia kwamba mvua zitakuwa za wastani au juu ya wastani. Hapo wastani ni hesabu: mvua ya kawaida ya mahali, iliyopimwa kwa miaka mingi. Katika taarifa ya siku chache zijazo husemwa kwamba uwezekano wa kutokea ni wa wastani, na kiwango cha athari ni cha wastani. Hapo si hesabu ya miaka tena, bali ni daraja la katikati baina ya dogo na kubwa. Na katika mazungumzo ya kila siku kuna maana ya tatu: mwalimu aandikapo "wastani" katika ripoti ya mtoto, mzazi huona hapana la kutisha. Neno moja limebebeshwa mizigo mitatu, na msikilizaji huuchukua ule ulio mwepesi.

Hasara yake si ya kinadharia. Mpango wa taarifa hizi una busara: hupima mambo mawili mbalimbali, yaani jinsi jambo linavyoelekea kutokea, na ukubwa wa madhara yake likitokea. Jambo lenye uwezekano mdogo laweza kustahili kutangaziwa kwa sababu madhara yake ni makubwa. Lakini vipimo viwili vikivikwa neno moja, mama wa bondeni anayeamua kama awalaze watoto nyumbani au awapeleke kwa shangazi yao mlimani hasikii vipimo viwili. Husikia wastani mara mbili, akalala.

Kuhusu angalizo na tahadhari tuna sifa na lawama. Kuyapanga maneno haya kwa ngazi, kutoka angalizo hadi tahadhari na tahadhari kubwa, ni kazi njema. Hata hivyo, tahadhari ni kitu kitolewacho na ofisi, na papo hapo ni kitu kichukuliwacho na mwananchi. "Tahadhari imetolewa, wananchi wachukue tahadhari" ni sentensi isiyomwambia mtu afanye nini. Hatupendekezi onyo badala yake, kwa maana kila mtumishi wa serikali aijua barua ya onyo, na mwananchi hakukosa lolote. Dawa ni kutaja tendo: hameni bondeni, msivuke mto, msitoke na vyombo.

Vivyo hivyo kwa vifungu kama "baadhi ya makazi kuzungukwa na maji". Muundo huu una harufu ya tafsiri: kitendo kimegeuzwa jina, na mtu ametoweka. Bondeni maji hayazungukii nyumba, huingia ndani.

Kwa hiyo tunapendekeza yafuatayo:

(a) Wastani litumike kwa hesabu ya miaka mingi tu. Daraja za uwezekano na za athari ziwe ndogo, ya kati na kubwa.

(b) Itangazwapo kwamba kimbunga kimepungua nguvu, sentensi hiyohiyo iseme habari ya mvua.

(c) Kila tahadhari ifuatwe na kitenzi cha kuamuru, na mahali patajwe kwa jina.

Wapo watakaosema kwamba wananchi wamekwisha kuzoea, na kubadili maneno ni kuwachanganya. Hoja hiyo ina uzito, kwani istilahi hupata nguvu kwa kutumiwa. Lakini kulizoea neno si kulielewa. Walimu waweza kutusaidia kuamua: wawaulize wanafunzi wao wa bondeni na wa mlimani wanaelewa nini wasikiapo "uwezekano wa wastani", kisha watuletee majibu. Yakipatana, tutayafuta maneno yetu. Yasipopatana, Baraza na wataalamu wa hali ya hewa wakae meza moja kabla ya masika yajayo.