Fremu ya toleka hutaka joto, si umeme

Vita vya Kongo vya 1998 hadi 2003 vilipoufunga mto Kongo kuelekea Kinshasa na mafuta kuadimika, mji wa Kisangani ulibebwa na toleka, baiskeli ya abiria na mizigo. Nyingi za baiskeli hizo nzito hazikuunganishwa kiwandani kwa kuyeyusha chuma chenyewe. Bomba liliingizwa ndani ya soketi, na shaba ya njano iliyoyeyuka ikajipenyeza katika mwanya kati ya hivyo viwili. Fundi anayerudia kiungo hicho kwa mashine ya kuchomelea ya umeme hukosea mara mbili: bomba lenye unene wa milimita moja na kitu hutoboka upesi, na shaba iliyobaki ndani huingia katika chembe za chuma cha moto na kukipasua upya.

Ndiyo maana mwanafunzi afundishwe kwanza kuongoza joto, fito baadaye. Chuma huyeyuka karibu na nyuzi 1,500 za Selsiasi. Fito ya shaba ya njano hutaka takriban 900 tu. Asugue kutu, rangi na grisi mpaka chuma king'ae, apake boraksi, kisha apashe bomba na soketi pamoja, soketi ikipata zaidi kwa kuwa ni nene. Boraksi ikishakuwa maji maangavu kama kioo, joto linakaribia. Fito iguse chuma, wala isiyeyushwe na moto wa shalumo, yaani bomba la kutolea moto wa gesi. Ikiganda vidonge, chuma bado hakijaiva. Ikitoa moshi mweupe, joto limezidi, zinki iliyo ndani ya shaba ya njano inachemka, na moshi huo huleta homa: kazi hiyo haifai chumba kilichofungwa.

Wengine watasema shaba ni dhaifu kuliko chuma. Ni kweli kwa fito iliyo mkononi, lakini ndani ya soketi ni utando mwembamba ulioshika eneo pana, na mzigo hugawanyika kote. Hoja ya gharama ina uzito zaidi, maana oksijeni na fito hununuliwa. Hata hivyo mashine nayo hungoja umeme wa kituo cha Tshopo, kilichojengwa miaka ya 1950, ambao hukatika, lakini shalumo haiungoji. Penye udhaifu wa kweli ni bomba lililokatika katikati, mbali na soketi. Kuziba mkato huo kwa shaba juu juu ni kumdanganya mwenye toleka. Hapo sharti kipande cha bomba jembamba kiingizwe ndani, kivuke pande zote mbili za mkato, ndipo shaba ipate mwanya wa kupenya.