Waliompaka Rangi Paka Mtundu

Katika katuni Puss Gets the Boot, iliyotolewa na MGM mwaka 1940, paka Jasper ameonywa: akivunja chombo kingine, atatupwa nje. Panya akishajua hilo, kazi yake ni kutishia kuangusha glasi. Paka huyo ndiye baadaye aliyeitwa Tom.

Kumtia wino na rangi ilikuwa, katika studio za Hollywood za wakati ule, kazi ya wanawake hasa. Mchoro wa penseli uliwekwa chini ya seluloidi angavu, wakaufuatisha mstari kwa mstari, mikono ndani ya glavu za pamba, maana alama ya kidole ingeonekana sinemani. Rangi ilipakwa upande wa nyuma, isifunike wino. Tabaka za seluloidi zikipandana, rangi za chini hufifia. Ilibidi zichanganywe upya, paka asibadilike rangi akiwa mbioni! Na sekunde moja ya filamu hula fremu 24.

Baadaye seluloidi nyingi zilioshwa zitumike tena.

Hata waongozaji wawili wa katuni hiyo hawakutajwa kwenye skrini, sembuse wanawake wa wino.