Mkono Unaozuia

Kirumbizi, mchezo wa fimbo, kikianza pale Mkunguni, mbele ya ngome ya Lamu, wageni hufuata fimbo inayopiga. Hawana lawama, maana jicho hukimbilia kinachokwenda kasi. Wenyeji, hasa wazee ambao wao wenyewe walikicheza ujanani, humtazama yule mwingine.

Wachezaji ni wawili, kila mmoja na fimbo yake, na watu wamewazunguka duara. Ngoma zinalia, na mpiga zumari amefura mashavu, pumzi yake haikatiki. Hawarukiani kama majogoo. Huanza kwa kuzunguka na kucheza, wakipimana kwa mwendo, fimbo ikining'inia kana kwamba haina kazi. Ghafla mmoja anapiga, mwenzake anakinga, mti unalia juu ya mti na watu wanashangilia. Wanaachana, wanazunguka tena. Baadaye mtu anatoka duarani kumpokea mmoja wao, naye aliyepokewa anatoka akitabasamu, au hatabasamu, inategemea yaliyompata.

Kirumbizi huchezwa harusini, na huchezwa mwezi wa Mfunguo Sita, wakati wa Maulidi yaliyojengewa sifa na Habib Swaleh na msikiti wa Riyadha, mji ukijaa watu kutoka Pate, Faza, Siyu, Mombasa na hata Komoro. Si ngoma ya heshima ya kusimama safu kwa kanzu na bakora kama goma. Hapa fimbo inaweza kukufika kichwani. Mitaa ya Mkomani na Langoni imetambiana kwa ngoma tangu zamani, na kijana anayeingia duarani anajua kwamba mtaa mzima unamwangalia mgongoni.

Kupiga kila mtu anaweza. Anayejua kukinga hainui fimbo mapema, kwa sababu akiiinua mapema amemwonyesha mwenzake pa kupiga, na pigo lililokusudiwa kichwani litageuka liende miguuni. Wala haitazami fimbo. Anatazama bega, maana bega huzama kidogo kabla mkono haujaondoka. Hapo ndipo fimbo yake inapanda, imelala mshazari, ili pigo liteleze badala ya kutua. Kifundo cha mkono kimelegea. Kikikakamaa, uzito wote unaishia kiwikoni. Mguu wa nyuma umesharudi nusu hatua bila mtu kuuona. Na lazima vyote hivyo viingie ndani ya mdundo. Anayekinga nje ya ngoma hajaguswa, sawa, lakini hakuna atakayemshangilia.

Kwa macho hayo ndiyo naitazama filamu ya pambano la Reno, jimbo la Nevada, la tarehe 4 Julai 1910, Jack Johnson alipotetea ubingwa wa dunia wa uzani wa juu dhidi ya James Jeffries. Johnson alikuwa mtoto wa kisiwani, kama vijana wa Lamu. Alizaliwa Galveston, mji wa bandari katika jimbo la Texas, mwaka 1878, na wazazi wake wote wawili walizaliwa utumwani. Alikuwa mtu mweusi wa kwanza kuushika ubingwa huo. Jeffries alikuwa bingwa aliyestaafu mwaka 1905 bila kushindwa, akabembelezwa arudi ili taji lirudi kwa Wazungu. Ilimbidi apunguze kilo zipatazo 45 kwanza. Yaliyofuata Marekani, ghasia, vifo, na sheria ya mwaka 1912 iliyokataza filamu za ndondi kuvushwa kutoka jimbo hadi jimbo, yameandikwa sana, na ni haki yaandikwe. Lakini kwa kuandikwa huko, mikono ya Johnson imesahaulika.

Utazame wa kushoto. Jeffries alipigana akiwa ameinama, kichwa mbele, na silaha yake ilikuwa konde la kushoto la mzunguko linalotafuta mbavu na ini. Mara nyingi wakikaribiana, kiganja cha Johnson kinatua juu ya mkono huo, kati ya kiwiko na bega, kabla konde halijaanza safari. Hakisukumi. Kinakaa pale tu, kama mlezi aliyemshika mtoto mkono asimwage uji. Konde linakufa begani. Mara nyingine analidaka hewani kwa kiganja cha glavu kilichokunjuliwa, na mwili wake wa juu umerudi nyuma kiasi kidogo sana, hakuna la ziada. Na jibu linatoka papo hapo: mkono wa kulia unapanda kutoka chini, katikati ya mikono ya Jeffries, hadi kidevuni.

Pambano zima mdomo wa Johnson haukunyamaza. Jim Corbett, bingwa wa zamani aliyekuwa upande wa Jeffries, alimtupia maneno kutoka kona, na Johnson akamjibu huku makonde yanamjia. Mtu anayepigania maisha yake hana nafasi ya kujibizana. Kwa Johnson ile ilikuwa sehemu ya kinga, kama mzunguko wa mwanzo wa kirumbizi ulivyo sehemu ya kinga: unamwonyesha mwenzako kwamba una muda.

Pambano lilipangwa kwa raundi 45. Katika ya 15, Jeffries, ambaye hakuwahi kuangushwa ulingoni, aliangushwa mara tatu chini ya jua kali, na watu wake wakaingia kulisimamisha. Mwamuzi alikuwa Tex Rickard, ambaye ndiye aliyeliandaa pambano lenyewe. Mambo ya siku zile.

Walikuwapo waandishi wa wakati huo waliomwona Johnson mvivu, mtu wa kungoja, asiyependa kushambulia. Sidhani kama walikuwa waongo. Walikuwa wamezoea kutazama upande mmoja tu wa mchezo, na mtu akitazama upande huo, Johnson kweli hafanyi mengi.

Ndiyo maana silalamiki, kama wengi wanavyolalamika, kuhusu filamu ya Sydney ya tarehe 26 Desemba 1908, siku alipoutwaa ubingwa kutoka kwa Tommy Burns wa Kanada. Polisi walilisimamisha pambano katika raundi ya 14, na kamera zikazimwa ili ulimwengu usimwone Mzungu akianguka. Mwisho huo haupo. Lakini katika vipande vilivyobaki yupo Burns, mfupi kuliko mwenzake kwa zaidi ya sentimita 10, anaingia kwa hasira na makonde mawili, matatu, na kile kiganja cha kushoto kimekwisha kufika begani kwake.