Barobaro wa Miaka 75

Ewe msomaji mpenzi, huenda ukastaajabu kuona katika kurasa hizi maneno juu ya vitabu vya katuni. Utasema: je, haya si mambo ya watoto? Naam, ni ya watoto, na kwa sababu hiyo hasa yanatuhusu. Chakula cha mtoto mzazi hukionja kwanza. Kitabu nacho ni chakula, lakini wengi wetu hatukionji. Ama humwachia mtoto asome apendalo, tukajifariji kuwa japo anasoma. Ama humpokonya kitabu pasi na kukifungua. Njia zote mbili ni za uvivu. Mimi nilikuwa katika hao wa pili, mpaka siku niliposhindwa kujibu suali la kijana mmoja huko Upare.

Ami yangu, Mungu amrehemu, alihama Tanga akafungua duka Same, mji ulio chini ya milima ya Upare, kando ya barabara kuu iendayo Moshi. Akaoa Mpare wa upande wa Vudee. Alipofariki, mkewe, ambaye mimi namwita mama, alirudi kwao mlimani, na huko akawa anamlea mjukuu wake aliyefiwa na wazazi wote wawili. Nilikwenda kuwatazama mwezi wa Desemba mwaka 2022. Kijana alikuwa na miaka 17, amemaliza kidato cha nne, anangoja matokeo. Chini ya kitanda chake palikuwa na furushi la vitabu vya katuni vya Kimarekani, alivyovinunua kwa bei ya mitumba mnadani. Nilipovishika kwa nia ya kuvikemea, akaniuliza kwa adabu: "Ami, huyu Peter Parker kitabu cha kwanza ana miaka 15. Sasa ana mingapi?"

Sikuwa na jibu. Usiku ule nikawasha taa nikasoma, na niliporudi Tanga nikaendelea kusoma. Haya niyaandikayo ndiyo niliyoyapata.

Peter Parker ndiye Spider-Man, shujaa mwenye nguvu za buibui, aliyetungwa na Stan Lee na kuchorwa na Steve Ditko mwaka 1962. Ni yatima, analelewa na ami yake na mke wa ami yake. Anapata nguvu za ajabu, anajivuna, anamwacha mwizi apite kwa kuwa si kazi yake kumzuia. Kisha mwizi yule yule anamwua ami yake. Tuseme haki, msomaji: kisa hiki ni chema. Kinamfunza kijana kwamba uwezo ni amana, na mwenye uwezo ataulizwa. Mtoto yatima wa Vudee alijiona humo, na wala sikumlaumu.

Lakini tufanye hesabu. Aliyekuwa na miaka 15 mwaka 1962 alizaliwa mwaka 1947. Mwaka 2022 ni mtu wa miaka 75. Basi ni rika moja na mama yetu yule wa Vudee! Yeye alizaliwa mwaka mmoja baada ya mamia ya wanawake wa Usangi kuteremka mpaka Same, mwaka 1946, kuwaunga mkono waume zao waliokuwa wakiipinga kodi ya mbiru. Tangu hapo amezaa, amezika, meno yamempungua, na magoti yanamuuma akipanda kilima. Mwenzake wa kitabuni alimaliza shule ya sekondari mwaka 1965, akamaliza chuo kikuu mwaka 1978, akaoa mwaka 1987. Halafu saa yake ikasimama. Angali barobaro.

Huenda ukanijibu: mbona Sungura wa hadithi zetu hazeeki? Mbona Abunuwasi hatuulizi ana miaka mingapi? Mbona Madenge, yule mtoto mtundu wa gazeti la Sani, hatukumtaka akue? Jibu ni kwamba hawa hawakudai kuwa na maisha. Kila kisa cha Sungura huanza upya, na la jana halimfuati. Ni mzaha na mafunzo, nasi tumeridhika. Ama huyu shujaa wa Kimarekani anadai kuwa na jana. Ana makaburi anayoyazuru, ana deni, alikuwa na mke, ana maadui wanaokumbuka aliyowatenda. Mwenye jana hana budi kuwa na kesho. Anayetuuzia jana kila mwezi, kisha akatunyima kesho, ametupunja katika mizani.

Na tazama walivyofika mbali katika kuitafuta hiyo punguzo ya umri. Mwaka 2007 wenye gazeti waliona kwamba ndoa inamzeesha kijana wao. Mhariri mkuu wa wakati ule, Joe Quesada, hakuficha kwamba hakuipenda ndoa ile. Ikatungwa hadithi: yule mama mlezi amepigwa risasi, yu mahututi, akatokea Mephisto, kiumbe aliyechorwa kwa sura ya shetani, akasema atamponya bibi kwa sharti kwamba Peter na mkewe wampe ndoa yao, ifutike kana kwamba haikuwapo. Nao wakakubali. Basi, ndugu msomaji, pima mwenyewe. Shujaa aliyeanza kwa kufunzwa kubeba dhamana, miaka 45 baadaye anaivua dhamana kubwa kuliko zote kwa mapatano na shetani, ili apate kurudi ujanani! Wasomaji wengi wa huko kwao walikasirika, na walikuwa na haki. Hapo haikufutika ndoa peke yake. Ulifutika na ule mwanzo mwema wa kisa.

Jambo la pili ni mipaka ya umri. Kuna kundi moja la mashujaa vijana liitwalo Legion of Super-Heroes, lililoanza kuchapishwa mwaka 1958. Sharti lao ni kwamba aliyevuka miaka 18 hapokelewi. Katika kisa kilichotoka mwaka 1960, msichana Supergirl anakwenda kuomba kuingia. Kwa bahati mbaya jiwe la ajabu linamgeuza mtu mzima kwa muda, naye anakataliwa kwa kuwa amekuwa mkubwa. Kwa watoto wa wakati ule hiki kilikuwa kichekesho cha kupendeza. Lakini kinasema nini? Kinasema kwamba utu uzima ni kasoro, na mlango wa ushujaa hufungwa siku unapokua.

Linganisha na mpaka wa umri tunaoujua sisi. Abdullah bin Umar, r.a., alipelekwa mbele ya Mtume s.a.w. siku ya Uhud akiwa na miaka 14, akarudishwa. Akapelekwa siku ya Khandaq akiwa na miaka 15, akaruhusiwa. Habari hiyo imo katika Bukhari na Muslim, na Umar bin Abdulaziz alipoisikia aliifanya kuwa mpaka baina ya mdogo na mkubwa. Hapa mtoto anangoja mlangoni ili aingie. Kule mtu mzima anatolewa nje. Mpaka ule ni mlango, na huu ni ukuta.

Wapare wa zamani nao walikuwa na mlango wao. Waliuita mshitu: vijana wa kiume walipelekwa katika msitu uliotengwa, wakafunzwa mambo ya ukubwa, na aliyetoka humo hakuhesabiwa tena kuwa mtoto. Sisemi turejee huko, kwani dini imetupa njia yetu. Nasema tu kwamba watu wa milima ile, kama watu wa pwani, walijua kuwa utoto hauishi wenyewe. Hapana budi mtu mzima amfungulie kijana mlango, na kijana akubali kupita.

Je, hapana kitabu cha katuni kilichoufungua mlango huo? Kipo. Robin, msaidizi wa Batman, alitokea mwaka 1940 akiwa mtoto yatima. Mwaka 1969 akaondoka nyumbani kwenda chuo kikuu. Mwaka 1984 akaliacha jina la utotoni, akajiita Nightwing, akasimama kwa miguu yake. Jina la Robin akapewa mtoto mwingine. Katika vyote nilivyovisoma hili ndilo lililonipendeza zaidi, kwani kijana amekua na hakuna aliyemfukuza. Ila hata hapo pana upungufu. Kijana amekua, lakini mlezi wake hazeeki. Mwaka 2009 Nightwing alikalia kiti cha Batman, tukadhani urithi umefika; haukupita muda mrefu mwenyewe akarudi. Pasipo na mzee wa kupumzika hapana kijana wa kurithi.

Na vipya? Kamala Khan, msichana wa Kiislamu mwenye wazazi wa Kipakistani, alipewa gazeti lake mwaka 2014 akiwa na miaka 16, akiandikwa na Mwislamu, G. Willow Wilson, na kitabu chake cha kwanza kikashinda tuzo ya Hugo mwaka 2015. Uzuri wake ni kwamba nyumba yake ina watu: baba wa kuombwa ruhusa, mama wa kuogopwa, kaka, msikiti. Lakini msichana aliyemsoma akiwa rika lake mwaka 2014 alitimia miaka 24 mwaka 2022, huku Kamala angali katika ujana wake wa mwanzo. Kwetu Afrika Mashariki, gazeti la Shujaaz lilianza Kenya mwaka 2010, na mwaka 2015 likafika Tanzania. Shujaa wake wa Kenya, Boyie, ni kijana wa miaka 19 anayetangaza redio kwa siri chumbani mwake. Haruki majumba, nguvu yake ni sauti, na mazungumzo yake ni ya kazi, kilimo na riziki. Hao wako karibu zaidi na vijana wetu. Nao pia nawapima kwa kipimo kile kile: je, watathubutu siku moja kumwonyesha Boyie akiwa baba wa watoto, akilipa ada ya shule?

Mtu ataniambia: hata Qur'ani ina vijana wasiozeeka, nao ni Watu wa Pangoni. Ni kweli, Suratul Kahf yasema walikaa miaka mia tatu na tisa. Lakini walipoamka walijikuta na njaa kama watu wengine, wakamtuma mmoja wao mjini na fedha yao kununua chakula, na wafasiri wanasema fedha ile ilijulikana kuwa ni ya zama zilizopita. Wao hawakuzeeka, bali ulimwengu uliendelea. Kutozeeka kwao kulikuwa ni ishara ya Mwenye kufufua, wala hakukuwa bidhaa ya kuuzwa kila mwezi.

Sasa turudi Vudee, maana sikumaliza habari yangu. Milima ile ina ndiva, yaani mabwawa ya kukusanya maji usiku na kuyafungulia mifereji mchana, kila shamba kwa zamu. Ndiva hujaa tope, na kulitoa ni kazi ya pamoja, wanayoiita msaragambo. Kila nyumba hutoa mtu. Asubuhi moja nilimwona mama yetu, na miaka yake 75, anachukua jembe. Nikamwuliza: "Mama, kijana yuko wapi?" Akasema: "Muache, mwanangu, bado mtoto." Na kijana yuko ndani, anasoma habari za mtu anayeinua magari kwa mkono mmoja.

Hapo ndipo nilipofahamu kwamba wachapishaji wa New York hawakuwa peke yao. Wao wameisimamisha saa kwa ajili ya faida. Mama yule ameisimamisha kwa ajili ya mapenzi, kwa kuwa huyo ndiye aliyembakia. Na sisi wa pwani, tusiwacheke. Ni nyumba ngapi katika mitaa yetu zina kijana wa miaka 30, ndevu zimejaa kidevu, mama anamwekea sahani na kumfulia kanzu, akisema "bado hajajiweza"? Tukiwa tumemfanya mtoto asiyekua, kwa nini tukasirike akimpenda shujaa asiyekua?

Nilimwambia mama taratibu: "Umemlea ili akubebee jembe, wala hukumlea ili umbebee." Alinyamaza kitambo, kisha akaliweka jembe mlangoni. Kijana akatoka, akaliona, akalichukua bila ya kuambiwa. Alirudi alasiri na tope mpaka magotini na malengelenge viganjani. Usiku ule hakufungua kitabu. Alimwuliza bibi yake zamu yetu ya maji ni siku gani.

Basi, wazazi wenzangu, sikuchoma vitabu vile wala sikushauri vichomwe. Shauri langu ni dogo. Keti na mwanao, kisome kitabu chake, kisha mwulize: huyu shujaa amejifunza nini tangu mwaka jana? Nani anamtegemea? Akizeeka, nani atashika nafasi yake? Kitabu kikiwa na majibu, mwachie. Kikiwa hakina, mwachie vile vile, lakini majibu ayapate kwako. Na ayapate kwa jembe mkononi, maana hayo hayachoreki.

Mwenyezi Mungu atukuzie watoto wetu, na atupe sisi moyo wa kuwaacha wakue. Amin.